Mkoa wa Kabila au Bonde la Mto?

Kila baada ya miaka michache huja maombi yale yale. Wazee wanakaa, wanasiasa wanakoleza, kamati inaundwa, na barua inaandikwa: tupewe wilaya yetu, tupewe mkoa wetu, kwa kuwa sisi ni watu wamoja, wenye lugha moja na mila moja. Si ajabu barua hiyo ikaombewa kanisani kabla haijapelekwa mjini. Sisi tunaohudumu na kufundisha Neno katika nchi inayonyweshwa na mto Pangani tunataka kusema wazi kwamba maombi ya namna hiyo hayana msingi katika Maandiko, na yakikubaliwa yanawaumiza watu wale wale wanaoyapeleka. Mipaka ya utawala katika nchi kama yetu, ambako mvua hunyesha mlimani na watu wengi wanaishi tambarare, ingepaswa kufuata maji. Kabila lisijengewe ukuta wowote. Halikuuhitaji zamani wala halitauhitaji kesho.

Tuanze na mto wenyewe, maana wengi wanaopiga kelele juu ya mipaka hawajawahi kuufuata mto wao kwa macho ya mawazo hata mara moja. Maji ya mlima Meru na ya upande wa magharibi wa Kilimanjaro hukusanyika katika mto Kikuletwa. Maji ya upande wa mashariki wa Kilimanjaro, ya ziwa Jipe na ya Upare wa kaskazini huingia mto Ruvu. Mito hii miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, jina ambalo mchungaji hawezi kulipita kimya kimya. Kutoka hapo mto hushuka kusini kati ya milima ya Upare na mbuga za Wamaasai wa Simanjiro, hupokea mto Mkomazi karibu na Korogwe, na baadaye Luengera kutoka Usambara, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, kisha huingia bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Hesabu wanaokunywa njiani: Wameru, Waarusha, Wachaga, Wapare, Wamaasai, Wasambaa, Wazigua, Wabondei, na watu wa mwambao. Mikoa ni minne, Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga, na sehemu ya bonde iko Kenya, upande wa Taveta. Mto ni mmoja.

Watu wa juu wakifungua maji mengi mashambani, bwawa linashuka. Bwawa likishuka, umeme unapungua, na wavuvi wa Nyumba ya Mungu wanakunja nyavu. Mto ukifika pwani umechoka, maji ya bahari yanapanda ndani ya mdomo wake, na mkulima wa minazi kule Pangani anaona udongo wake ukiingia chumvi. Mkulima huyo hana diwani hata mmoja katika halmashauri yoyote ya mlimani. Hawezi kumpigia kura mtu ye yote mwenye uwezo juu ya maji yake. Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alishike kabla hatujaendelea. Mpaka wa utawala, popote unapopita, huamua nani anasikilizwa na nani hasikilizwi. Ukiuchora kuzunguka kabila la juu, umemtoa nje mtu wa chini, na umemtoa kwa sheria.

Wapo watakaosema kwamba mipaka ya makabila ni ya asili, imewekwa na Mungu na mababu, na kwamba mambo ya bonde na kidakio cha maji ni maneno ya wahandisi. Historia yetu inasema kinyume. Upare wakati wa Waingereza ulihesabiwa katika Jimbo la Tanga. Leo uko Mkoa wa Kilimanjaro. Wapare hawakuhama, na mto haukuhama. Manyara ilikatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mipaka hii ni kazi ya karani na wino. Hata Uchaga wenyewe, kama mwili mmoja wa kisiasa, si wa kale kama tunavyoambiwa kwenye majukwaa. Babu zetu wa karne ya 19 walikuwa watu wa Machame, wa Kibosho, wa Old Moshi, wa Kilema, wa Marangu, wa Rombo, kila mahali na Mangi wake, na Mangi hawa walipigana vita vikali. Mangi Mkuu mmoja wa Wachaga wote alipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950, naye ni Thomas Marealle, na kabla muongo huo haujapita sana cheo hicho kilikuwa kimekwisha. Lakini mifongo ya mlimani, ile mifereji inayochukua maji kutoka mabonde ya juu na kuyapitisha pembezoni mwa vilima hadi migombani, ilikuwapo tayari wageni wa kwanza wa Ulaya walipopanda mlima katikati ya karne ile. Basi kipi ni cha asili zaidi, mfongo au mpaka wa kabila?

Tena tuangalie jinsi mfongo ulivyotawaliwa. Ukoo uliochimba ulikuwa na heshima yake, na mzee wa mfongo alitoka humo. Lakini maji hayakuwa ya ukoo huo peke yake. Mfongo ulipita katika mashamba ya watu wengine, na kila aliyenyweshwa alikuwa na zamu yake na jembe lake siku ya kuzibua. Asiyekuja kazini alitozwa faini, mara nyingi pombe, jambo ambalo sisi watu wa kanisa tunalitaja kwa sauti ya chini. Wapare nao walikuwa na ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu. Kilichowaunganisha watu hawa kilikuwa maji wanayochangia. Ukitaka kujua nani ni wa mfongo huu, humwulizi anasema lugha gani. Unauliza shamba lake liko wapi na alikuwa wapi siku ya kuzibua. Huu ni utawala, tena ni utawala wa Kiafrika, na mpaka wake ni wa maji. Wanaotuambia kwamba kufuata maji ni kuiga Wazungu hawajui walichoachiwa na bibi zao.

Kinyume chake, aliyekuja kutuchorea mipaka kwa kufuata aina za watu alikuwa mkoloni. Baada ya vita vya pili vya dunia, Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Wazo lililotawala taarifa yake lilikuwa kupanga nchi iwe na maeneo ya watu wa namna moja, walowezi huku na wenyeji kule, bila kuchanganyikana. Kwenye karatasi lilikuwa jambo nadhifu. Matunda yake yalionekana Novemba 1951, Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Engare Nanyuki ni jina la Kimaasai, lenye maana ya maji mekundu. Hebu fikiri: mahali pamepewa jina na Wamaasai kwa sababu ya maji yake, pamelimwa na kuchungwa na Wameru, na pameondolewa watu ili kabila jingine, lile la walowezi, lipate eneo lake lisilochanganyika. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Dunia ikasikia, ingawa ardhi haikurudishwa siku hiyo. Leo tunapowasikia wajukuu wa waliofukuzwa, na wajukuu wa majirani zao, wakidai eneo la watu wa namna moja, tunashangaa. Hilo ni wazo la Wilson lililovaa shuka la mzee.

Tukivuka mpaka wa Kenya tunaona jambo hilo likifanyika kwa nia njema kabisa. Mwaka 1962, wakati wa kujiandaa kwa uhuru, tume ya mipaka ya majimbo ilizunguka nchi nzima ikiwauliza watu wanataka kuishi pamoja na nani. Swali linasikika la haki. Watu walijibu kama watu wanavyojibu: tunataka kuishi na wenzetu. Hakuna aliyejibu kwa niaba ya mtu anayekaa chini ya mto wake. Majimbo yale hayakudumu, lakini tabia ya kuhesabu ardhi kwa kabila ilibaki. Katika mto Tana, Wapokomo hulima kingo na Waorma huleta ng'ombe kunywa, na njia za mifugo kwenda mtoni zina jina lake, malka. Wakulima wakilima katikati ya malka, ng'ombe wanakufa kwa kiu mto wakiuona. Wafugaji wakipitisha mifugo shambani, watoto wa mkulima wanalala njaa. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, uchaguzi ukikaribia na viti vipya vya kaunti vikigombewa, zaidi ya watu 100 waliuawa huko, wanawake na watoto wakiwemo. Hatusemi maji peke yake ndiyo yaliyoua. Tunasema kwamba watu wawili wanaonywa kisima kimoja walifundishwa kuhesabiana vichwa badala ya kuhesabiana zamu.

Sasa tuingie katika Maandiko, kwa kuwa wapo wanaotupiga nayo.

Andiko wanalolipenda ni Matendo 17:26, pale Paulo anaposema Areopago kwamba Mungu aliweka nyakati na mipaka ya makazi ya mataifa. Basi, wanasema, Mungu mwenyewe ni mchora mipaka ya makabila. Tunawaomba wasome sentensi yote. Inaanza na kwamba Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja, na inaendelea katika mstari wa 27 na kusudi lake, ili watu wamtafute Mungu. Paulo alikuwa akiwaambia Waathene kwamba Mungu hafungwi na mji wala hekalu. Kulitumia neno hilo kufungia watu chemchemi ni kuligeuza miguu juu kichwa chini. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni akitufanyia ufafanuzi wa namna hiyo, tunamrudishia karatasi.

Kuna andiko jingine wasilolipenda. Katika Waamuzi 12, watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani baada ya kuwashinda Waefraimu. Kila aliyekuja kuomba kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka kwa matamshi ya Gileadi alichinjwa palepale mtoni. Walikufa 42,000. Wote walikuwa Israeli, wana wa baba mmoja, wamwabuduo Bwana mmoja. Tofauti ilikuwa herufi moja mdomoni. Hatujui mfano ulio wazi zaidi wa mpaka wa utambulisho uliowekwa juu ya maji. Sisi tunaoishi kaskazini tunajua jinsi tunavyotambuana kwa matamshi, na jinsi tunavyocheka. Kicheko hicho si kibaya, mpaka mtu mwenye panga awe amesimama kivukoni.

Na yupo Aksa binti Kalebu, katika Yoshua 15. Alipewa ardhi katika nchi ya Negebu, nchi kavu. Alishuka kwenye punda wake akamwambia baba yake waziwazi kwamba ardhi peke yake haitoshi. Akaomba chemchemi, akapewa za juu na za chini. Binti huyu alielewa jambo ambalo kamati zetu za kuomba wilaya hazielewi. Urithi bila maji ni jina tu. Na tuangalie kwamba alipewa za juu na za chini pamoja. Wilaya nyingi zinazoombwa kwa misingi ya kabila zingekuwa na chemchemi za juu tu, au mashamba ya chini tu, zikibaki kumtegemea jirani ambaye zimekwisha kumwambia kwamba si mwenzao.

Mtu makini atatuuliza juu ya Ezekieli. Je, sura ya 47 na 48 hazigawi nchi kwa makabila? Zinagawa, na hatutaki kuificha hoja hiyo. Lakini tazama mpangilio wake. Kwanza mto unatoka chini ya kizingiti cha hekalu, unakua kutoka kifundo cha mguu hadi magoti, hadi kiuno, hadi maji ya kuogelea, na unakwenda kuiponya bahari ya chumvi. Ndipo mipaka inatajwa. Mto wenyewe haupewi kabila lo lote. Miti ya kingo zake inazaa chakula na dawa bila kuulizwa ni ya nani. Kisha, mwishoni mwa sura ya 47, mgeni anayekaa kati ya Israeli anapewa urithi katika kabila lile lile anamokaa, sawa na mzaliwa. Hilo likitekelezwa, mpaka wa kabila umekwisha kutobolewa na mlango mpana. Mtu akituletea barua ya kuomba mkoa wa kabila lake yenye kifungu cha namna hiyo, kwamba Mmaasai au Msukuma anayekaa humo ana haki sawa juu ya ardhi na maji, tutaisoma upya. Hatujaiona barua hiyo.

Hapa tuondoe kosa moja la kuelewa. Kufuata maji si kuufanya mto uwe mpaka. Hilo lilipendwa sana na wakoloni, kwa kuwa mto unaonekana vizuri kwenye ramani, na limeleta taabu kubwa, maana kila ukingo unamshtaki mwenzake na hakuna anayeutunza mto. Katika Yoshua 22 makabila ya mashariki ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa kwa hofu hiyohiyo, kwamba siku moja watoto wa ng'ambo watawaambia watoto wao kuwa Bwana aliuweka mto kati yao na hawana sehemu kwake. Mpaka unaofuata maji hupita juu kwenye vilele, pale tone la mvua linapochagua kushuka huku au kule, na mto unabaki katikati ya nyumba kama meza ya chakula.

Wazo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1890, John Wesley Powell, aliyekuwa mkuu wa idara ya upimaji wa miamba na ardhi, alitoa ramani ya nchi kavu za magharibi akiwa amezigawa kwa mabonde ya mito. Alishauri kila bonde lijitawale katika maji na malisho yake. Bunge lilikata fedha za upimaji wake mwaka huohuo, na majimbo yakabaki na mistari iliyonyooka kama ubao wa seremala. Mwaka 1922 majimbo saba yalilazimika kuketi na kugawana mto Colorado kwa mkataba, na yanazozana juu yake hata leo. Wenyeji wa asili wa bonde lile hawakuitwa mezani. Somo lina pande mbili: mistari isiyojali maji huzaa kesi zisizokwisha, na hata mkutano wa bonde unaweza kumsahau mtu aliyekuwapo kwanza.

Nchini kwetu sheria imekwenda nusu ya njia. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianza mwaka 1991, ya kwanza kati ya mabonde tisa ya nchi, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Hilo ni jema. Lakini bonde halina kura. Bajeti hufuata wilaya, barabara hufuata jimbo la uchaguzi, mkuu wa wilaya ana polisi, diwani ana wapiga kura, na bodi ya bonde ina vibali na risiti. Mzee wa mfongo ambaye babu yake alichimba kwa mikono anaambiwa akaombe kibali na alipie ada, naye haelewi kwa nini. Kwake bodi ni ofisi ya mjini inayotoza. Wanasiasa wanamfikia kwanza na kumwambia: hawa wanakuibia maji ya wazazi wako, tupate wilaya yetu yatakuwa yako. Uongo huo unanunuliwa kwa urahisi kwa kuwa hakuna aliyemletea ukweli katika lugha yake.

Tukiwa wakweli, bonde lina upungufu mwingine. Hakuna mtu aliyewahi kuliimbia. Hakuna ngoma ya bonde, wala methali, wala jina analopewa mtoto. Wanaotetea kabila wanalijua hili na wana haki kulisema. Kabila lina mama ndani yake. Lakini kutokana na hilo wanaruka hadi mahali pengine kabisa, kwamba kitu kinachopendwa lazima kiwe na mkuu wa mkoa. Kichaga cha Machame kinasemwa Dar es Salaam bila kuwa na wilaya huko. Wapare wanakula makande Mwanza. Wamaasai wamegawanywa na mpaka wa nchi mbili kwa zaidi ya miaka mia, na ni nani atakayesema kwamba wamesahau kuwa Wamaasai? Utamaduni unatunzwa jikoni, shambani, kwenye harusi na msibani. Haujawahi kutunzwa na ofisi ya ardhi.

Na kwa wale wanaodhani kwamba kabila moja chini ya mpaka mmoja litagawana maji kwa amani, twendeni Lower Moshi. Mradi wa umwagiliaji ulikamilika pale mwaka 1987, ukitegemea mito ya Njoro na Rau. Wakulima wa juu walipoona mpunga unalipa, nao wakafungulia maji mashambani mwao, na waliojengewa mifereji ya saruji kule chini wakabaki na mifereji mikavu. Ilikuwa wilaya moja, mkoa mmoja, na mara nyingi watu wa kabila moja na sharika za dayosisi moja. Udugu haukufungua lango la maji. Kilichokosekana ni meza moja yenye nguvu ambayo wa juu na wa chini wote wanaijibu.

Hofu moja tunaichukua kwa uzito wote: ya watu wachache kumezwa na wengi. Mpare anayeketi na Wachaga kumi, Mbondei anayeketi na Wasambaa ishirini, Mmaasai asiye na shule akiketi na wanasheria. Hofu hii ni ya kweli, na bonde lisiloijibu litakuwa dhuluma yenye jina jipya. Jibu lake ni kiti: watu wa chini na watu wachache wawe na viti vyao katika baraza la bonde vilivyowekwa kwa sheria, na maamuzi ya kiangazi yasipite bila wao. Ukuta utamlinda Mbondei dhidi ya Msambaa, lakini hautamletea tone moja.

Sisi Walutheri tunaambiwa tuyaache mambo haya, kwa kuwa Mungu anatawala kwa mikono miwili na mipaka ni kazi ya mkono ule mwingine. Wanaosema hivyo wakafungue Katekisimo Ndogo, ombi la nne. Luther alipoeleza mkate wa kila siku hakuishia kwenye unga. Aliweka humo kinywaji, shamba, mifugo, serikali njema, hali ya hewa nzuri, na majirani waaminifu. Mkristo anayeomba Baba Yetu anaomba juu ya mfereji na juu ya halmashauri, apende asipende.

Wapo pia wanaomtaja Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi kuanzia mwanzo wa karne iliyopita hadi 1938, aliyetaka kanisa lisimame juu ya vifungo ambavyo Mungu alikwisha kuwapa watu. Wanamnukuu kwa ukoo na kunyamaza. Gutmann alihesabu vifungo vitatu: ukoo, ujirani, na rika. Ujirani ulikuwa kifungo kamili kwake, na mlimani ujirani maana yake ni wale mnaochangia njia na mfongo. Anayejenga hoja ya kabila juu ya Gutmann amevunja theluthi mbili za nyumba ili apate kuni.

Tumeuacha mwisho mwiba wa nyumbani. Ramani ya dayosisi zetu inafuata kabila kuliko hata ramani ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wakristo wa Meru walipotaka kutoka Dayosisi ya Kaskazini, mgogoro uligawa familia, uliharibu mali, na ukaacha kanisa jingine limesimama kando ya lile la kwanza. Hatusemi Wameru hawakustahili dayosisi. Wanayo, na inafanya kazi ya Mungu. Tunasema tulipitia yote hayo na hakuna aliyeuliza wakati ule, si askofu wala mzee wa kanisa, maji ya Meru yanakwenda wapi yakitoka Meru. Yanakwenda Kikuletwa, na kutoka hapo Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo kwa watu wa Dayosisi ya Pare na ya Kaskazini Mashariki. Walikuwa wamoja katika mto kabla hawajawa wamoja katika katiba ya KKKT ya mwaka 1963.

Basi tunadai mambo yafuatayo, na tunayadai kwanza kwa wenzetu. Sharika zisitoe madhabahu wala sadaka kwa kamati za kuomba wilaya au mkoa wa kabila. Barua ikija, mchungaji aulize maswali mawili: maji ya eneo hili yanatoka kwa nani, na yanakwenda kwa nani; na kama hao wawili hawamo katika mpaka unaoombwa wala hawajaulizwa, barua irudi. Serikali itakapogawa tena maeneo, iweke chemchemi na shamba la mwisho katika halmashauri moja kila inapowezekana, na pasipowezekana ilipe baraza la bonde nguvu ya bajeti na madiwani wa kuchaguliwa. Na dayosisi za bonde la Pangani zikae pamoja kabla ya kiangazi kijacho, zikiwaalika Waislamu wa mwambao na wazee wa mila wa Simanjiro, maana wao ni wengi zaidi yetu kule mto unakoishia. Kikao hicho kifanyike Pangani mjini, mdomoni mwa mto, si Moshi. Nauli ilipwe na dayosisi za juu. Na mkulima wa minazi azungumze kwanza.